Redio Inatazama Wapi

Vijana wa karakana wameninunulia mandazi, wamenipikia chai, na wameiita sherehe ya kustaafu. Nina miaka thelathini na moja. Nimekaa kwenye meza ile miaka sita, na Jumatatu ijayo naanza kufundisha sayansi katika shule ya sekondari, kwa hiyo neno lenyewe linanipwaya kama koti la kaka. Lakini mmesema anayeondoka aandike, na kwa kuwa ndimi niliyesoma chuo kikuu kule Kampala, sina pa kujificha. Habari za vyeo sitaandika. Karakana yetu ina vyeo viwili tu: anayeshika chuma cha moto, na anayemmulikia taa.

Siku ya kwanza nilifika na vitabu viwili vya fizikia kwapani. Fundi Shabani alikuwa ameketi nyuma ya meza, kofia ya vitone kichwani, miwani imefungwa kamba. Yeye ni mtu wa Pangani. Ufundi aliupata jeshini wakati wa vita, katika kikosi cha mawasiliano huko Burma, na mpaka leo akiona redio anaikagua kwanza kama askari anayekagua buti. Alivitazama vitabu vyangu, akaniuliza, "Kulehemu unajua?"

"Najua nadharia yake," nikajibu.

"Vizuri. Basi leo lehemu nadharia. Kesho tutalehemu waya."

Wiki hiyo nilichoma vidole vitatu na suruali moja. Chuma chetu cha kulehemu kilipashwa kwenye jiko la mkaa, ingawa umeme wa mjini ulikuwepo, kwa sababu Fundi hakuuamini. Alikisogeza karibu na shavu, hakigusi, akajua joto lake. Nilimuuliza kwa nini asitumie kipimajoto. Akasema shavu halivunjiki likianguka. Niliuliza kwa nini tunapuliza kwenye maungio badala ya kuyaacha yapoe yenyewe, kwa nini tunaanza na betri wakati mteja amesema tatizo ni spika, kwa nini jioni tunageuza mita chali. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimepoteza jina nililopewa na wazazi wangu. Nikawa Kwanini. Wateja wengine walidhani ndilo jina la ukoo.

Kuhusu mita hiyo, kabla sijasahau: ijaribuni kila asubuhi kwenye betri mpya mnayoijua, ndipo muiamini. Sindano yake hudanganya kidogo upande wa kushoto, na inadanganya kwa uso mkavu kabisa.

Jambo nililoligombania kuliko yote lilikuwa daftari. Kila redio iliyoingia iliandikwa kwenye daftari lenye safu nne. Ya kwanza jina la mwenyewe. Ya pili anakotoka. Ya tatu, inaumwa nini, na hapo Fundi alikataza kabisa kuandika "imekufa". Redio haifi, alisema, hunyamaza. Ya nne ilikuwa na maneno mawili tu: "Inatazama wapi?"

"Inatazama wapi, maana yake nini?" nilimuuliza.

"Maana yake muulize mwenyewe, redio yake nyumbani inatazama wapi."

"Kwa nini?"

"Jaza tu, bwana mdogo."

Nilijaza kwa miezi michache, kwa shingo upande. Mteja angesema mlangoni, dirishani, kitandani, nami nikaandika huku nikijiona kama karani wa mganga. Kisha nikaacha. Fundi alipokuwa msikitini au sokoni, safu ya nne ilibaki nyeupe. Nilikuwa nimeapa kwamba sitafanya jambo nisilopewa sababu yake, na niliona hiyo ndiyo elimu.

Mama Elieshi alikuja siku ya Jumanne, baada ya masika. Alitelemka kutoka kwenye migomba ya juu ya Makumira, redio ameifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. Nikampa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi ni nani hapa?"

"Ni mzee Shabani, ametoka kwenda kuswali. Niambie mimi."

Akaitazama mikono yangu. "Mikono yako ni safi sana," akasema, na haikuwa sifa.

Alifungua kanga. Ilikuwa redio ya kubeba, ya zamani tayari hata wakati ule, yenye mpini wa ngozi na uso wa kitambaa kilichogeuka rangi ya chai. Marehemu mume wake aliinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Nilipoifungua mgongo, masizi yakamwagika mezani, na mende wawili wakaondoka bila haraka. Nikamuuliza inawekwa wapi. Akasema wakati wa mvua huipandisha darini, juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu, isipate unyevu. Nta ya kwenye kondensa, vile vibweta vidogo vya kutunza umeme, ilikuwa imeyeyuka na kutiririka kama mshumaa wa Krismasi.

"Mama, hii haitengenezwi kwa siku moja," nikamwambia.

"Mpaka Jumapili itakuwa imepona?"

"Kwa nini Jumapili?"

Akanieleza polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa kwenye Kimeru chake. Mwaka uliopita watu wa stesheni ya Dar es Salaam walikuja na gari la kurekodi, wakarekodi kwaya ya usharika wao. Binti yake Elieshi alikuwa kwenye kwaya hiyo, sauti ya pili. Masika haya Elieshi alishikwa na homa ya mapafu. Walimzika kati ya mgomba na kahawa, mahali ambapo baba yake amelala. Na sasa mchungaji amepata barua kwamba wimbo wao utapigwa Jumapili, saa kumi na nusu. Mara moja tu.

"Mchungaji hana redio?" nikauliza. "Mngeweza kwenda kusikiliza kwake."

"Kanisa zima litakuwa kwa mchungaji. Mimi sitaki kusikiliza nikiwa natazamwa. Na babu yake Elieshi hawezi kutembea mpaka huko."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo mpaka leo likinijia hunifanya nikune kichwa. "Lakini mama, kwaya ni watu thelathini. Yeye hakuimba peke yake. Utamtambuaje?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia. "Wewe tengeneza redio," akasema.

Nikaandika daftarini: Mama Elieshi, juu ya Makumira, imenyamaza. Safu ya nne sikuijaza.

Kazi yenyewe ilinichukua siku nne, na ninawaandikia jinsi ilivyokwenda kwa sababu redio za aina hiyo bado zinakuja. Zina valvu nne, ndogo kama kidole gumba, na betri moja nzito kama tofali, yenye nguvu mbili ndani yake: ndogo ya kuwasha nyuzi za valvu, na kubwa ya kuzifanya ziimbe. Msizichanganye. Mkiingiza ile kubwa kwenye nyuzi, valvu zote nne zitawaka kwa kufumba na kufumbua, kisha mtakuwa na chupa nne za kuchezea watoto. Nilisafisha masizi kwa brashi ya kunyolea. Nilitoa kondensa mbili zilizovuja, nikaweka mpya. Waya mmoja wa spika ulikuwa umeliwa na kutu, nikaulehemu, nikaupuliza. Ijumaa alasiri niliiunga kwenye eriali ya karakana, ule waya mrefu ulioko juu ya paa, na sauti ya mtu akisoma bei ya kahawa ikajaa chumba. Nilifurahi kama niliyeiandika habari hiyo mwenyewe.

"Na bila waya wa paa?" Fundi akauliza bila kuinua kichwa.

Nikauchomoa. Redio ile ina eriali yake ndani, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye ubao wa mgongoni. Sauti ikapungua, lakini ilisikika. "Inasikika," nikasema.

"Haya. Jumapili tunapanda."

"Si atakuja kuichukua?"

"Redio ya mfiwa haifuatwi dukani, Kwanini. Inapelekwa, kama rambirambi. Hilo nalo unataka sababu?"

Hilo sikutaka.

Tulishuka kwenye basi Makumira saa nane, tukapanda kwa miguu kwenye njia ya udongo mwekundu, mimi nimebeba redio na Fundi amebeba mita, akilalamika kwamba Wameru walifanya makusudi kuuweka mlima wao juu. Tulifika kabla ya saa tisa na nusu. Nyumba ilikuwa ya mbao, bati juu. Ndani, upande wa mlimani, babu yake Elieshi, Mzee Kaaya, aliketi kwenye kiti chake cha mikono, mgongo wake kwa mlima, uso wake kwa mlango wa mbele unaotazama bonde. Kiti kilikuwa kimebanwa kati ya nguzo na magunia ya kahawa, na ilionekana wazi kwamba magunia ndiyo yaliyokipisha kiti. Upande wa kulia kwake palikuwa na jiko, vigoda vya wanawake, na ndama aliyefungwa. Tukamsalimu babu shikamoo, hata Fundi, ambaye mwenyewe huamkiwa na nusu ya mji.

Mama Elieshi alikuwa ametandika kitambaa cheupe kwenye meza ndogo mbele ya babu. Akaipokea redio kwa mikono miwili, akaiweka uso wake ukimtazama mzee. Nikawasha.

Mvumo tu. Kama mvua ya mbali kwenye migomba.

Nikazungusha kirungu cha stesheni mwanzo hadi mwisho. Mvumo. Nikafungua mgongo, nikapima betri: nzima. Nikatoa valvu ya kwanza, nikaweka ya akiba niliyobeba mfukoni, nikarudishia. Mvumo. Nikagusa kila ungio nililolehemu, moja baada ya jingine, jasho linanidondoka kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Mama Elieshi alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, akiiangalia migongo ya vidole vyangu.

Fundi alikuwa akila ndizi za kuchemsha alizokaribishwa, taratibu. "Kwanini," akasema.

"Naam, Fundi."

"Kwenye daftari uliandika inatazama wapi?"

"Sikuandika."

"Aha." Akajifuta mikono. Akaja mezani, akaishika redio kwa mpini, akaigeuza robo ya mzunguko, kama mtu anayegeuza kichwa cha mtoto amnyoe. Mvumo ukapasuka, sauti ya mwanamume ikatoka, safi, ikitangaza salamu za wasikilizaji.

Nitawaambia ukweli ulioniuma. Eriali ya ndani, iliyozungushwa kwenye ubao, hunasa vizuri ukielekeza ukingo wa ubao kwenye stesheni. Ukiuelekeza ubapa wake, inakuwa kiziwi. Swali hilohilo niliulizwa kwenye mtihani wa chuo, nikalijibu kwa mchoro na nikapata alama zote. Dar es Salaam iko chini huko, upande wa bonde. Redio ikimtazama babu, mgongo wake mzima unaitazama Dar es Salaam. Nilikuwa nimelijua jibu kwa miaka, nikashindwa kulitambua lilipoandikwa kwa Kiswahili kwenye daftari.

Kabla sijamaliza kufurahi, Mama Elieshi alinyanyuka, akairudisha redio ilivyokuwa. Mvumo ukarudi.

"Mama, pale ndipo inaposikika," nikasema.

"Nimesikia. Lakini pale inatazama jikoni. Inampa babu ubavu."

"Ni sanduku, mama."

"Ni sanduku linalosema," akajibu kwa upole. "Anayesema na nyumba hii humwelekea babu kwanza. Hata mchungaji. Hata Bwana Shauri wa serikali alipokuja habari ya kahawa, alisimama hapo."

Nikatafuta njia nyingine. Nikapendekeza tumsogeze babu. Mama akatazama chini, ikawa kana kwamba nimependekeza tuusogeze mlima. Kiti kile alikikalia baba yake babu, na hakijawahi kutoka pale. Nikapendekeza tuigeuze upande wa pili. Hapo ingetazama ukuta na kumpa babu ubavu mwingine. Saa yangu ilionyesha dakika kumi na tano zimebaki. Nikafungua kinywa niseme jambo la kisayansi, na Fundi akanikanyaga mguu.

"Mzee," Fundi akasema, akichuchumaa mbele ya babu, "nipe ruhusa nimtetee huyu mgeni."

"Mtetee," babu akasema. Ndilo neno la kwanza tulilolisikia kwake tangu salamu.

"Watu wanadhani redio ni msemaji. Si msemaji. Kwanza ni msikilizaji. Haina neno lake hata moja. Inasikiliza Dar es Salaam, kisha inatuambia. Na sikio lake liko ubavuni, kama langu na lako. Ikikupa uso, haisikii. Haikupi ubavu kwa dharau, mzee. Inatega sikio."

Babu akafikiri. Dakika zilikuwa zikikimbia, nami nilitamani kufikiri badala yake.

"Inamsikiliza nani sasa?" akauliza.

"Mjukuu wako," Mama Elieshi akasema.

"Elieshi alikuwa anakaa wapi humu ndani?"

"Pale, baba. Jikoni, karibu na ndama."

Babu akanyoosha mkono. Nilidhani anataka maji. Alikuwa ananitaka mimi. Nikamshika upande mmoja, Fundi upande mwingine, akatoka kwenye kile kiti chake kwa hatua fupifupi, akavuka sakafu, na mzee ambaye tangu azaliwe mtoto wake hakuwahi kuketi upande wa jikoni akateremka kwenye kigoda kati ya mafiga na ndama. Alipoketi alishusha pumzi, akasema, "Kumbe ninyi mna joto huku."

"Miaka yote, baba," Mama Elieshi akasema, na akakaribia kucheka.

Fundi akaigeuza redio iwatazame.

Mtangazaji alisoma jina la usharika wao, akalikosea kidogo. Kisha wakaimba. Dakika tatu hivi. Wimbo wenyewe niliujua, ni wa kitabuni, lakini umbali uliupunguza ukawa mwembamba, unakuja na kurudi kama kitu kinachopumua. Mama Elieshi aliweka kiganja juu ya redio. Mimi nilishika pembe yake isisogee hata kwa unywele. Katika ubeti wa pili alisema kwa sauti ya chini, "Huyu." Vidole vyake vikasimama. Nilitega sikio kwa nguvu zangu zote. Nilisikia watu thelathini.

Katika ubeti wa nne babu naye akainua kidole. "Huyu," akasema.

Mama akamtazama, akaitikia kwa kichwa, "Ndiye, baba." Na machozi yake yakashuka bila sauti mpaka wimbo ukaisha na mtu akaanza kusoma habari za mvua.

Tuliposhuka mlima nilikuwa na jambo rohoni, na mnanijua. Mama alionyesha ubeti wa pili, babu wa nne. Katika wale thelathini, sauti iliyojitokeza kidogo mara ya kwanza haikufanana na ile ya mara ya pili. Tulipofika kwenye daraja la mti nikashindwa kuvumilia.

"Fundi, kweli walimsikia?"

"Betri ulipima?"

"Nilipima."

"Valvu?"

"Nilipima."

"Maungio?"

"Yote."

"Basi kazi yako imekwisha," akasema. Akatembea kidogo. "Na safu ya nne utaijaza."

Nimeijaza tangu siku ile, na sasa mnajua sababu yake, ingawa nawaomba ninyi muijaze hata siku mtakapoisahau. Sikuacha kuuliza. Mpaka leo nakaribia kuamini kwamba walisikia wasichana wawili tofauti, na siku nyingine nakaribia kuamini kwamba sikio langu ndilo lililokuwa limegeuzwa vibaya. Sijapata kipimo cha kuamua.

Kipupwe kilipokwisha Mama Elieshi alitelemka tena mjini. Redio ilikuwa imenyamaza, betri tu imechoka. Masizi hayakuwemo. Nilifungua daftari, nikaandika jina, nikaandika Makumira, nikaandika betri. Kisha nikauliza.

"Mama, siku hizi inatazama wapi?"

"Jikoni."

"Na babu hasemi kitu?"

"Aseme nini? Anaitazama." Alikuwa akifunga kanga yake, hakuinua macho. "Kile kiti cha mikono tumekiwekea magunia. Kigoda hataki kukiacha. Anasema Jumapili wanaweza kurudia."